Kubadilisha raba za madigadi, nikeli za ubavuni na fremu ya kioo kwenye Volkswagen Beetle

Ukisimama mita tano kutoka kwenye Beetle iliyotoka kupigwa rangi, utaisifu. Sogea karibu, uinamie ule mshono ambapo madigadi inakutana na bodi. Kama raba nyembamba iliyobanwa pale katikati imepakwa rangi ileile ya gari, basi aliyeifanya kazi hakufungua hata boliti moja. Amepuliza rangi juu ya raba, kutu na matope ya miaka arobaini.

Yangu ilirudi hivyo kutoka gereji moja. Masika mawili hayakupita, rangi ikaanza kuvimba kando ya raba kama ngozi iliyoungua. Nilipofungua madigadi ya nyuma nikakuta udongo mwekundu umeganda kule juu, umeshika maji, na bati linamong'onyoka kwa kucha. Tangu hapo kazi hizi nazifanya mwenyewe, na nimejifunza kwamba mapambo ya nje ya Beetle hayahitaji nguvu. Kila kimoja kina njia yake ya kukifikia, na mara nyingi njia hiyo haipo upande unaouona. Raba ya madigadi unaifikia ukiwa umelala chini ya tairi. Nikeli ya mlango, ule mstari unaong'aa wa ubavuni, unaifikia kutoka ndani ya gari, na ya kioo cha mbele huifikii kabisa mpaka kioo kitoke.

Jua gari lako ni la mwaka gani

Kabla ya kwenda kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar, au Kirinyaga Road, Nairobi, au kuagiza nje, nyanyua kiti cha nyuma usome namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma cha katikati ya sakafu. Kwa Beetle za kuanzia modeli ya 1965, tarakimu ya tatu ndiyo mwaka: namba ikianza na 118 ni modeli ya 1968, ikianza na 110 ni ya 1970. Angalizo ni kwamba kiwanda kilianza modeli mpya kila Agosti, hivyo gari lililotengenezwa Oktoba 1967 ni la modeli ya 1968. Kadi ya gari inaweza kukuambia kingine, amini chuma.

Hili lina maana kubwa kwenye raba za vioo. Vioo viliongezwa ukubwa kwa modeli ya 1958, vikaongezwa tena kwa modeli ya 1965. Halafu ikaja Beetle ya aina ya 1303, modeli ya 1973, yenye kioo cha mbele kilichojikunja. Raba ya moja haiingii kwenye nyingine, hata muuzaji akikuapia.

Spea bado zipo. Ujerumani iliacha kuunda Beetle za kawaida mwaka 1978, lakini kiwanda cha Puebla, Mexico, kiliendelea mpaka Julai 2003, na Brazil nayo ilitengeneza nyingi. Kwa hiyo utakuta raba za bei tatu au nne tofauti. Kwa raba za vioo, usibane matumizi. Raba ya bei ya chini husinyaa, na baada ya mwaka mmoja wa jua la Dar utaona pengo kwenye kona. Raba ya madigadi unaweza kununua ya wastani, kwani hata ikichoka, kuibadilisha mara ya pili ni kazi ya asubuhi moja kama mara ya kwanza ulifanya vizuri.

Betri kwanza

Toa waya wa hasi. Betri ya Beetle imekaa chini ya kiti cha nyuma, na springi za kiti zikishuka zikagusa vichwa vya betri, cheche zinawaka ndani ya makapi yaliyojazwa kitini. Gari hizi zimeungua kwa sababu hiyo. Kama kile kifuniko cha betri kimepotea, kitafute kabla ya kutafuta nikeli.

Na usiinulie gari kwenye vile vishimo vya jeki vya ubavuni. Kwenye gari za pwani mara nyingi vimeoza kwa ndani, vinaonekana vizima mpaka siku vinapozama na jeki yake. Mbele inulia kwenye eksili, nyuma kwenye mirija ya eksili, kisha weka stendi. Tofali siyo stendi.

Raba ya madigadi

Watu wengi wanadhani lazima madigadi itoke nzima. Si lazima, labda kama imeoza au unapiga rangi upya. Raba mpya ina ulimi unaoingia kati ya mabati mawili, na ulimi huo una mikato ya kupitisha boliti. Ukilegeza boliti zote bila kuzitoa, mwanya wa nusu sentimita unatosha.

Kila madigadi inashikwa na boliti tisa au kumi za M8, vichwa vyake ni spana namba 13 (baadhi ya magari ya zamani sana 14). Zote zinaingia kwenye nati zilizofungiwa ndani ya bodi usizoweza kuzishika kwa mkono. Kazi yote ngumu ni hapo: boliti ikikatika au nati ikianza kuzunguka, huna pa kuishikia.

1. Siku mbili kabla, toa matairi, sugua kila kichwa cha boliti kwa brashi ya waya, kisha puliza mafuta ya kulegezea kutu. Rudia asubuhi na jioni. Boliti za kule juu kabisa zimefunikwa na udongo, kwa hiyo ubomoe kwanza kwa bisibisi pana na maji. Wengi hawazioni, wanavuta madigadi kwa nguvu wakidhani imenata.

2. Toa bampa pamoja na mikono yake. Mikono hiyo inapita kwenye madigadi na kufungwa kwenye bodi, ndani ya upinde wa tairi. Unaweza kuiacha, lakini boliti za pale zitakutoa damu vidoleni.

3. Fungua boliti inayounganisha madigadi na futibodi, ile ngazi ya ubavuni, ukiangalia raba nene inayokaa katikati kama washa. Legeza kidogo na boliti zinazoishika futibodi kwenye bodi. Bila hivyo madigadi haitasogea upande wa chini hata ukiisihi.

4. Kwa madigadi za mbele, angalia waya za taa na indiketa zinazopita kwenye raba kuingia chini ya boneti, na honi iliyofungwa chini ya madigadi ya kushoto. Kwa za nyuma, waya za taa zinaingia chumba cha injini. Kwa kulegeza tu hazina haja ya kuchomolewa, ila ziachie ulegevu zisivutike.

5. Anza kulegeza kutoka chini kwenda juu. Tumia spana ya boksi yenye pembe sita. Yenye pembe kumi na mbili hula vichwa vilivyoliwa na kutu. Kabla ya kufungua, kaza kidogo sana mpaka usikie mlio wa kutu kuvunjika, halafu fungua robo mzunguko, rudisha, fungua nusu, rudisha, ukipuliza mafuta kila mara. Boliti inayotoka kwa kunung'unika irudishe ndani, usishindane nayo. Ziache zote zimeshika kwa nyuzi nne au tano.

6. Vuta raba ya zamani. Ingiza kisu chembamba cha pati kwenye mwanya, kwangua, kisha pitisha msasa uliokunjwa pande zote mbili. Ukiona kutu, huu ndio wakati wake: paka dawa ya kutu, iache ikauke, halafu paka praima na rangi. Ukifunika kutu kwa raba mpya, umelipa hela ili uirudie.

7. Raba mpya huja imekunjwa. Ianike juani nusu saa inyooke. Kama haina mikato, au ina mikato isiyolingana na boliti zako (inatokea, hasa madigadi zikiwa za kuchonga), ishikilie kwenye mshono, weka alama ya chaki mbele ya kila boliti, ukate umbo la U lenye upana wa milimita 12 hivi. Boliti ni milimita 8, hizo nyingine ni za kusameheana.

8. Anza juu katikati. Sukuma ulimi ndani mpaka mkato wa kwanza ukae kwenye boliti, kisha shuka mbele na nyuma kwa zamu. Usiivute ikakaza, maana raba iliyovutwa itajirudisha na kuacha mwisho wazi. Acha sentimita chache za ziada kila upande.

9. Kaza boliti ya juu katikati kwa vidole, kisha zinazofuata kushoto na kulia. Hapa unahitaji mtu wa pili nje ya gari, akisukuma ule mgongo wa raba ukae sawa huku wewe ukikaza chini. Mwambie aangalie mstari, siyo raba yenyewe. Raba ikijificha sehemu moja na kutokeza nyingine, legeza boliti mbili za jirani, siyo zote. Mzunguko wa mwisho ni wa kifundo cha mkono tu. Ukiweka bega, nati ya ndani inang'oka.

10. Kata miisho. Upande wa chini usiuzibe kwa silikoni, maana maji yanayopenya juu lazima yapate pa kutokea.

Boliti mpya zipake grisi kabla ya kuingiza. Ni sentensi fupi, lakini ndiyo itakayomwokoa atakayefungua tena baada ya miaka kumi, na huenda ni wewe.

Boliti ikikatika

Itakatika moja, jiandae kisaikolojia. Yangu ilikatika ya pili kutoka mwisho, saa kumi na moja jioni, nikiwa nimeshaanza kujisifu. Piga alama katikati kwa tindo ya ncha, toboa kwa keekee ya milimita 5, ongeza mpaka 6.8, halafu pitisha tepu ya kuchonga nyuzi ya M8 yenye hatua ya 1.25. Nenda polepole ukitia mafuta.

Nati ikizunguka ndani, kata kichwa cha boliti, acha mabaki yaangukie ndani, kisha weka nati ya kupigia kama ribiti. Fundi mwenye mashine ya ribiti anaweza kukupigia kwa dakika mbili.

Kitu kimoja usikubali ni moto. Tangi la petroli lipo chini ya boneti, kando kabisa ya boliti za madigadi ya mbele. Kuna fundi atakuja na mtungi wa gesi akisema anapasha kidogo tu. Mshukuru, umnunulie soda, aende. Kwa nyuma nako kuna mipira ya petroli ya injini yenye umri wa babu.

Nikeli za ubavuni

Tunaziita nikeli, lakini ile mistari ya ubavuni na ya vioo ni alumini iliyotiwa ngao ya kuzuia kutu. Nikeli yenyewe ipo kwenye bampa, ambalo ni chuma. Ukisugua mistari kwa pamba ya chuma au dawa ya kung'arishia shaba, ngao inatoka, na baada ya wiki alumini inakuwa na weupe wa chokaa. Sabuni ya maji na kitambaa vinatosha.

Seti nzima ina vipande saba: mmoja wa boneti, miwili mifupi kati ya boneti na mlango, miwili ya milango na miwili ya nyuma. Kila kipande kinakaa juu ya klipsi zilizochomekwa kwenye matundu ya bodi. Kutoa, bandika tepu ya karatasi kwenye rangi juu na chini, kisha ingiza kabari ya plastiki au ya mti laini karibu na klipsi, siyo katikati ya klipsi mbili. Alumini ikishakunjika haisahau. Mkunjo utauona kila jua la saa kumi.

Klipsi za zamani za chuma ndizo zinazokataa. Kwenye mlango, toa paneli ya ndani: mpini wa kioo na wa kufungulia mlango unashikwa na pini kwenye gari za awali na skrubu kwenye za baadaye, kisha paneli yenyewe inabanduka klipsi kwa klipsi. Nyuma yake kuna karatasi ya lami au nailoni. Ibandue taratibu, kwa sababu lazima irudi. Bila hiyo maji yanayoshuka na kioo yataozesha paneli. Sasa unaweza kubana miguu ya klipsi kwa plaizi ya mdomo mrefu na kuisukuma nje. Vipande vilivyovunjika visiache ndani ya mlango. Vitaimba kila ukipita barabara ya vumbi, na pia vinaziba matundu ya kutolea maji chini ya mlango. Ukiwa pale, yazibue kwa waya.

Kwa kipande cha nyuma, toa kiti cha nyuma na paneli ya pembeni. Kile kifupi cha mbele ya mlango ndicho kigumu kuliko vyote, maana nyuma yake kumefungwa. Hapo usisukume klipsi ndani, vuta nje kwa plaizi. Ikikatika, zungushia waya mwembamba shingo ya kile kilichobaki kabla hakijaangukia ndani ya nguzo.

Sasa tatizo letu la nyumbani: mara nyingi matundu hayapo. Fundi wa rangi aliyaziba kwa pati zamani ili asihangaike na nikeli. Usikisie. Chukua karatasi ndefu, ibandike upande ambao matundu yapo, yachore pamoja na ukingo wa mlango na mstari wa chini wa dirisha, kisha igeuze na kuibandika upande wa pili ukilinganisha kingo hizohizo. Gonga kwa mpini wa bisibisi, kwani pati ina mlio mzito kuliko bati, au angalia kwa ndani ambako kifundo cha pati kinaonekana. Toboa taratibu kwa keekee ndogo, ondoa pati, paka praima ukingo wa tundu kwa brashi ya mchoraji.

Kuhusu gundi ya tepu ya pande mbili: nimeona, nimejaribu, na kipande cha mlango wa kulia kikabaki Chalinze. Rudi kwenye klipsi.

Chomeka klipsi za plastiki kwenye bodi zote kwanza, kila moja ikiwa na tone la silikoni kuzunguka shingo yake. Chagua silikoni isiyonuka siki. Ile yenye harufu ya siki ina asidi inayoanzisha kutu palepale unapoziba. Ukilazimika kutumia klipsi za chuma, tone hilo ndilo linalotenga alumini na chuma. Vikigusana kwenye unyevu wa chumvi, alumini inaliwa. Kisha pachika ukingo wa juu wa mstari kwenye klipsi, ubonyeze wa chini kwa kiganja mpaka usikie mlio. Anza na mlango, halafu linganisha vya mbele na nyuma navyo. Ukianza na vya pembeni, mlango ukifungwa utaona mstari umevunjika.

Fremu ya kioo cha mbele

Kila wiki mtu ananiuliza kama unaweza kuchomeka nikeli ya kioo bila kutoa kioo. Ukiwa na bahati, kwa raba mpya laini, labda kipande. Mara nyingi utaishia na alumini iliyokunjika na raba iliyopasuka. Mfereji wa raba unapanuka vizuri pale tu raba haijabanwa na bodi.

Hakikisha raba uliyonunua ina mfereji upande wa nje. Kuna ya aina mbili, na isiyo na mfereji ni ya bei rahisi na haipokei nikeli kabisa. Kutoa kioo, keti kiti cha mbele, weka miguu yenye soksi kwenye kona ya juu, sukuma polepole huku mtu akipokea nje. Kama raba imekauka, ikate kwa wembe kutoka nje. Haina thamani tena, kioo kinayo.

Kagua ukingo wa bati kote, hasa kona za chini. Kutu iliyopo hapa haitibiwi na raba. Ikiwa kuna matundu, kazi inasimama mpaka fundi wa bodi aje.

Mezani, juu ya blanketi, vika kioo raba mpya. Paka mfereji maji ya sabuni, ingiza vipande viwili vya nikeli kuanzia kona, ukimalizia na kiungo kidogo kinachoficha pale vinapokutana. Kisha lalisha kamba ya nailoni nene kama milimita 4 kwenye mfereji wa ndani, ule unaokaa kwenye bati, kuzunguka yote, miisho ikutane chini katikati na kupitana kama sentimita 20. Paka sabuni ukingo wa gari. Mwenzako nje anabonyeza kioo kwa viganja viwili, wewe ndani unavuta kamba kuelekea katikati ya kioo, na mdomo wa raba unaruka juu ya bati hatua kwa hatua. Mwenzako afuate mkono wako. Anapobonyeza kusiwe mbali na pale unapovuta. Asipige ngumi kwenye kona. Kioo cha tabaka mbili huanza kupasuka kutoka ukingoni, na ufa mmoja unakurudisha dukani.

Acha gari juani siku moja raba ikae. Siku inayofuata, mtu mmoja akae ndani na tochi na karatasi za chooni, mwingine amwage maji kwa mpira wa bustani akianzia chini ya kioo na kupanda taratibu kwenda juu. Ukianza juu, maji yatashuka kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Karatasi ikilowa kwenye kona, nyanyua mdomo wa nje wa raba kwa kijiti, weka silikoni kidogo palepale tu. Baada ya hapo rudia boliti za madigadi: wiki moja ya barabara inatosha raba kulala, na utakuta nyingi zimepata nafasi ya robo mzunguko.